Mkono wa Kulia

Bwana, leo tena nimeunyanyua mkono wa kulia
kwa mkono wa kushoto,
kama mtu anayembeba mtoto wa jirani aliyelala fofofo.
Nikaufikisha kwenye paji la uso, kifuani, bega moja.
Bega la pili sikulifikia. Ukaanguka mapajani, pu,
kama donge la unga.
Uhesabu hivyo hivyo. Ni nusu msalaba.

Wewe unaujua ulivyokuwa.
Miaka arobaini na mmoja, hapa juu ya ziwa Sevani,
ulizama tanurini hadi begani,
ukaubandika mkate kwenye ukuta wa moto,
ukatoka vinyweleo vimeungua, haujatetemeka.
Wanawake walikuja kunitazama.
Nilijua wananitazama.
Niliomba mkate wa leo huku nakanda mkate wa leo,
midomo ikisema tupe,
viganja vikisema ninao.

Nawe ulinyamaza. Ulikuwa na haki ya kucheka.

Sasa nikuambie usichohitaji kuambiwa.
Ule msimu wa baridi wa giza,
umeme saa moja kwa siku,
tulipochoma viti, kisha milango ya vyumba,
Nvard alibisha. Theluji mabegani.
Hakuomba mkate. Aliomba unga, kikombe kimoja,
kwa ajili ya Mushegh, mwenye homa.
Nikasema, Umeisha, dada, angalia mwenyewe,
nikamfunulia debe tupu.
Gunia lilikuwa chini ya kitanda cha mama mkwe,
na mama mkwe juu yake akikohoa,
na kila alipojigeuza nilisikia unga ukinong'ona.
Nvard akaliangalia debe. Akaniangalia mimi.
Akasema asante.
Nani hushukuru kwa debe tupu?

Mtoto alipona. Mimi sina mkono katika hilo.
Jumapili yake niliwasha mishumaa mitatu,
mirefu kuliko ya wengine wote,
nikampelekea padri mikate kumi,
nikidhani deni la huyu hulipwa kwa yule.

Kisha asubuhi moja ya Machi, ndoo mkononi,
nusu yangu ikazimika. Kama umeme ule.
Ulimi ukawa kitambaa kilicholowa.
Daktari Vahagn alisema ni mshipa.
Binti yangu alilia kwenye simu, kutoka Lyon.
Mimi nilikukasirikia, na ulisikia:
Ungechukua mguu. Ungechukua jicho.
Mkono wa kulia ulikukosea nini?
Nikauangalia pale juu ya blanketi,
nikakumbuka ndio ulioshika kifuniko cha debe.
Sisemi ndiyo sababu. Sisemi chochote.
Nilikumbuka tu.

Siku ya nne mlango ukafunguka bila hodi.
Nvard, miaka sabini na miwili,
miguuni viatu vya marehemu mumewe.
Mkate ndani ya kitambaa, mbichi upande huu,
umeungua upande ule;
huyu hajawahi kujua kuoka.
Akaumega, akauchovya kwenye maziwa.
"Fungua mdomo, Shoghik."

Nilitaka kusema habari ya gunia.
Miaka thelathini nimelitafuna neno hilo,
na siku nilipokuwa tayari kulitema
ulimi haukuwa tayari.
Nikatoa sauti ya ng'ombe.
Akanipangusa kidevu.
"Najua," akasema. "Siku ile ulikuwa na unga kwenye kope.
Meza."

Tangu hapo sala naisema polepole,
kwa kuwa siwezi tena kuikimbiza.
Nikifika kwenye mkate nasimama,
nafungua mdomo, nangoja,
kama kinda, kama mjinga,
na sioni haya. Au naona, lakini nangoja.

Usinirudishie mkono.
Hapana, nirudishie. Mimi si mtakatifu,
na mkate wa Nvard unaumiza meno.
Ila kesho, kabla hujafanya lolote jingine,
mfikishe yeye hapa kwanza.
Njia imeganda barafu kutoka kwake hadi kwangu,
na kiatu chake kimoja hakina kamba.
Mshike.